Nilivyotolewa Nyongeza kwenye Jina la Keko

Siku ya kuniaga, mkuu wetu Bwana Mwasenga alisimama akasema Bi Zuhura ameitumikia nchi kwa uaminifu na chai. Alisema hivyohivyo, uaminifu na chai, kama vile ni idara mbili, na watu wakapiga makofi. Nyie vijana wa Kitengo mlikuwepo, mlipiga na nyie. Siwalaumu, wengi wenu mlikuwa mmeajiriwa juzi na mlidhani mama anastaafu kwa hiari kama barua ilivyosema. Hiari gani ya mtu ambaye nyumba yake Chamazi imesimama kwenye lenta, haina hata bati moja?

Kwa hiyo naandika. Shule yangu ni darasa la saba, hapohapo Keko nilikozaliwa, msianze kunitafutia makosa ya mkato na nukta. Majina nitayataja. Wao walilitaja la kwangu kwenye muhtasari bila kuniuliza.

Niliingia kazini nikiwa binti, ofisi ikiwa bado kwenye lile jengo la zamani Kinondoni lenye ngazi za mbao. Cheo changu mhudumu. Maana yake chai, kufagia, na kubeba majalada kutoka chumba hiki kwenda kile. Siku ya kwanza nilipewa jalada nilipeleke kwa bwana mmoja, nikakuta hayupo, nikaliacha mezani nikaenda zangu. Bi Tatu wa masijala, aliyekuwa mkubwa wa makaratasi yote, alinishika mkono hadi kwenye ile meza, akalichukua jalada, akanirudishia. Hakufoka. Aliniambia meza haisaini, mwanangu, mpe mwenye uso. Nikasimama mlangoni kwa yule bwana mpaka aliporudi kutoka kula, nikampa mkononi.

Bi Tatu ndiye chuo changu. Alinifundisha kufunga kamba ya jalada isikate karatasi, na kujua bosi amekasirika kwa kuangalia kofia ya kalamu yake. Alinifundisha na muhuri wa tarehe. Tulikuwa na muhuri mmoja ambao mwaka wake uligoma kuzunguka, ikifika Januari lazima uuchokonoe kwa kibanio cha nywele. Alipostaafu aliniachia kile kibanio, na mimi nimekiacha kwenye droo ya juu, upande wa kushoto, mtakikuta. Mashine mpya mliyoletewa nayo itagoma, mtanikumbuka.

Mtandao ulipokuja, sie wahudumu tulidhani karatasi zitapungua. Ziliongezeka. Kila barua iliyotumwa kwa mtandao ilichapwa, ikatobolewa, ikafungwa kamba, ikabebwa na mimi. Halafu siku moja Bwana Mwasenga akarudi kutoka semina nje ya nchi akiwa na begi jipya na habari ya mikia.

Nawaeleza kama nilivyoelewa nikiwa nagawa vikombe. Kila anwani ya mtandao ina mkia wake, zile herufi za mwisho baada ya nukta. Nchi yetu ina wa kwake mfupi. Zamani mikia ilikuwa michache, watu wakaizoea. Sasa hao wanaosimamia majina huko nje wakafungua dirisha: mwenye hela zake aombe mkia wowote anaoutaka, jina la tunda, la mji, la mama yake, liwe lake. Na serikali ikiona jina limeigusa, ina muda wa kuweka pingamizi. Muda ukipita, basi tena. Ndiyo Kitengo kikaundwa, mkuu wake Bwana Mwasenga, kazi yake kupinga.

Na jamani, alipinga. Akapinga mkia wa ndoa, kwa hoja kwamba cheti atatoa nani. Akapinga mkia wa mchele, hapo vikao vikavunjika kwa sababu wajumbe wa Mbeya na wa Shinyanga kila mmoja alitaka upingwe kwa niaba ya kwao. Akapinga jina la mto ambao tulikuja kugundua, pingamizi likiwa limeshaondoka, kwamba haupo Tanzania. Huko nje walikuwa wanajibu kwa adabu kwamba wanashukuru kwa maoni. Kila shukrani ilifunguliwa jalada.

Wakubwa walipohamia Dodoma, sie tukabaki Dar kama kituo kidogo, na majalada yakaanza kusafiri. Jalada linapanda asubuhi, linakaa huko likisubiri saini, linashuka na dokezo linalouliza kitu kilichokwishajibiwa ukurasa wa nyuma. Nimewahi kulipokea jalada limebandikwa nembo ya mizigo ya basi, pembeni limelowa mchuzi. Nikalipangusa, nikalipeleka kwa mwenye uso.

Basi ndio dirisha jipya likafunguliwa, na kwenye orodha ya walioomba mikia akatokea mwenye kiwanda kimoja cha makochi huko nje, anataka mkia wa Keko.

Ndiyo, Keko. Wenyewe waliandika kwamba neno ni fupi, linatamkika kwa lugha zote, na linaleta hisia ya fanicha. Ya mwisho hiyo ni kweli, sijui waliinusa vipi. Keko yetu ukishuka barabarani, vitanda, makabati, meza, makochi yamevuliwa nguo yamebaki mbao na sponji, yamepangwa hadi ukingo wa lami. Baba yangu alikuwa fundi pale. Watu wakitaka kununua kochi hawasemi naenda kwa fulani, wanasema naenda Keko, wakifika ndio wanachagua fulani.

Kilichonitoa jasho ni maneno ya Elibariki. Huyu ni afisa wetu, kijana ana shahada mbili, mpole, hana dhambi nyingine zaidi ya hii ninayoileta. Alinieleza kwamba mwenye mkia ndiye anaamua nani autumie. Hao wakiupata na wakalisajili jina kibiashara, vijana wa Keko wanaouza makochi kwenye simu wanaweza kuandikiwa barua waache kulitumia. Keko waache kusema Keko. Nikashusha birika.

Nyumbani habari ilitangulia kabla yangu. Kila nikipita barabarani fundi mmoja anainua kichwa kwenye randa ananiuliza, dada Zuhura, wewe si uko hukohuko serikalini? Nikiwaambia mie napika chai, wananiambia basi wapikie vizuri wasituuze.

Sheria ya pingamizi inataka ushahidi kwamba wenyeji wenyewe wanapinga. Kwa hiyo Kitengo kikaitisha kikao cha wananchi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Bwana Mwasenga mwenyekiti, Elibariki katibu wa kuandika muhtasari, mimi soda na biskuti. Mafundi wakaja na vumbi lao la mbao, wazee wakaja na kanzu. Watu waliongea vizuri, nasema kweli. Mzee mmoja alieleza historia ya pale mpaka nikajua vitu nisivyovijua. Wote walipinga.

Halafu akasimama Masanja.

Masanja ni fundi wa vitanda, Mnyamwezi, yuko Keko tangu ana nywele. Nami ni Mzaramo. Mnajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, tena siyo utani wa kuchekeana kwenye harusi tu. Siku ya msiba wa baba yangu, Masanja alikalia jeneza akasema haliondoki, marehemu ana kesi naye. Tukiwa tunalia ikabidi tucheke, tukamlipa kitu kidogo, akashuka, na yeye ndiye aliyetangulia kubeba mbele na aliyefukia hadi udongo wa mwisho huku machozi yanamtoka. Mtani humkasirikii. Ukimkasirikia ni wewe uliyeharibu.

Akasimama basi, kofia mkononi, uso wa hakimu.

"Ndugu mwenyekiti, unasumbuka bure," akasema. "Hii Keko ni yangu. Hawa Wazaramo ni watumwa wangu, niliwakuta wamelala nikawapa jina ili nijue pa kuwaamshia. Sasa nimewachoka. Jina nimeshaliuza, Wazungu walichukue. Na yule anayegawa soda pale, Zuhura, wachukue naye awe nyongeza, mie hanifai, anakula sana."

Ofisi nzima ikaanguka. Mwenyekiti wa mtaa alijifuta macho. Bwana Mwasenga alicheka mpaka akaomba maji. Elibariki alicheka huku anaandika, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri: alicheka, kwa hiyo alijua. Wala asije akawaambia hakuelewa.

Muhtasari ulipotoka ulisema hivi, nimeusoma mara nyingi mpaka umeniingia kichwani: kwamba mmiliki wa jina, Ndugu Masanja, alikieleza kikao kuwa jina ni mali yake, ameshaliuza, na hana pingamizi kuchukuliwa na waombaji, na kwamba alimtoa mtumishi mmoja wa Kitengo, Bi Zuhura, kama nyongeza.

Nilimuuliza Elibariki, kwa upole kabisa, mwanangu, wewe si ulicheka? Akaniambia ndiyo mama, nilicheka. Mbona hukuandika kwamba watu walicheka? Akanijibu kwamba muhtasari unaandika yaliyosemwa, na muhtasari hauna sehemu ya kicheko. Kuna waliohudhuria, kuna yatokanayo, kuna mengineyo. Kicheko ukiweke wapi?

Bwana Mwasenga alisaini bila kusoma. Najua hakusoma kwa sababu nilikuwa nimesimama pale mezani na jalada, na alikuwa anaongea na simu kuhusu mafuta ya gari. Muhtasari ukathibitishwa, ukatafsiriwa Kiingereza na mashine, ukatumwa nje kama ushahidi wa pingamizi letu.

Huko nje wakashukuru sana. Safari hii walishukuru kwa moyo. Waliandika kwamba wamefarijika kuona mwenye jina ameridhia, wanaomba anwani ya Ndugu Masanja wamtumie mkataba, na wanaomba maelezo zaidi kuhusu nyongeza.

Mie nikasema haya mambo ya wakubwa watayarekebisha. Kumbe mwisho wa mwezi mshahara wangu haukuingia. Nikapanda kwa Bi Anastazia wa utumishi. Huyu ni mwanamke wa taratibu, hata akikohoa anakohoa kwa mpangilio. Akafungua kompyuta, akanitafuta, akanigeuzia kioo nijionee: sipo.

"Umetolewa, Bi Zuhura," akaniambia. "Kikao halali, akidi ilitimia, mkuu amesaini. Nimetekeleza tu."

"Nimetolewa kwenda wapi, mama?"

"Hiyo ndiyo nasubiri barua. Ukipata mwajiri mpya niletee anwani yake nifunge jalada."

Nikamwambia ule ulikuwa utani, hata yeye Mfipa ana watani wake. Akakubali, akasema watani wake ni wakorofi zaidi, lakini hawajawahi kuingia kwenye muhtasari. Nikamuuliza nifanyeje. Akasema muhtasari uliothibitishwa haufutwi, unarekebishwa kwenye kikao kinachofuata chini ya yatokanayo. Kikao kinachofuata hakikukaa, mkuu alikuwa Dodoma. Kingine kikakosa akidi. Na mimi kila asubuhi nilitoka Keko kuja kupika chai kama mtu ambaye hayupo, fundi wangu wa nyumba akinipigia kuuliza mbao za kupaulia zinakuja lini.

Masanja alipopata habari hakucheka. Alikuja hadi getini kwetu, akanivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba angejua karatasi zina masikio mabaya hivyo angeufunga mdomo. Nikamwambia wewe huna kosa. Na hapa naandika tena, Masanja hayumo kwenye orodha ya wabaya wangu. Orodha yangu ni Elibariki aliyeandika, Mwasenga aliyesaini, Anastazia aliyenifuta. Watatu, wote wamesoma.

Mwishowe huko nje wakataka kusikia wenyewe. Kikao cha mtandao, kioo kikubwa ukutani, siku ya mwisho ya dirisha la pingamizi. Upande wao alikaa mwanamama mmoja mwenye miwani, mwenyekiti wa jopo lao, pamoja na bwana wa kiwanda cha makochi na mkalimani. Upande wetu Mwasenga, Elibariki na kalamu yake, na Masanja kwenye koti la kuazima. Aliambiwa aseme neno moja tu: nilitania. Aseme, akae.

Mwanamama akauliza kama Ndugu Masanja ndiye mwenye jina la Keko. Masanja akasimama, akasema alitania. Mkalimani akapeleka. Mwanamama akauliza, kwa hiyo alichosema kilikuwa uongo?

Masanja akasita. Mtu wa heshima zake, haji kuitwa mwongo mbele za watu. Akasema hapana, hakikuwa uongo, kilikuwa utani. Mwanamama akauliza, basi kilikuwa kweli? Akasema hapana, wala kweli hakikuwa. Yule mwanamama akavua miwani. Bwana Mwasenga akaona aokoe hali, akaeleza kwamba utani ni mfumo wa kisheria usioandikwa, ambao ndani yake umiliki unaweza kuwepo na usiwepo kwa wakati mmoja. Nilimwona bwana wa makochi anatabasamu. Elibariki anaandika kila kitu.

Mwanamama akasema jopo lake linaweza kupokea ndiyo au hapana, na muda unakwisha. Masanja jasho likamjaa kwenye lile koti. Akageuka huku na huku kutafuta mtu wa kumsaidia, akaniona mimi naingia na chai, na mazoea ya miaka mingi yakamponyoka.

"Kama hamniamini," akasema, "muulizeni mtumwa wangu huyo hapo."

Sikupanga kitu. Nawaambia wazi, msije mkasema mama Zuhura alikuwa na akili nyingi. Nilikuwa sina mshahara, nimechoka, na mtani amenichokoza mbele ya watu. Mkono uliweka birika chini, mdomo ukafanya kazi yake.

"Mtumwa wako nani, mpagazi wewe? Babu yako alikuja pwani na mzigo kichwani, babu yangu akamnunua yeye na mzigo wake kwa pishi ya mtama. Akamleta Keko kushikilia mbao. Wewe wangu, baba yako wangu, randa yako yangu, na hilo koti kama si la kuazima lingekuwa langu. Mtu wangu ana jina gani la kuuza?"

Upande wetu tulicheka. Hata Masanja alicheka, tena kwa raha, maana nilikuwa nimemjibu inavyotakiwa na moyo ulikuwa umemrudia. Mkalimani akatafsiri yote, neno kwa neno, mtu makini sana.

Kwenye kioo hakuna aliyecheka. Bwana wa makochi alikuwa ameinama ananong'onezana na mtu ambaye hatukumwona. Yule mwanamama akauliza swali moja, taratibu, na mkalimani akalileta taratibu hivyohivyo: je, hali hii inaendelea mpaka leo?

Masanja akakunja uso wa huzuni, mikono kifuani.

"Mpaka leo," akasema. "Na chakula hanipi."

Kioo kikazimika. Tulidhani ni umeme.

Barua ilikuja kabla jua halijazama. Kiwanda cha makochi kimeondoa ombi lake lote, kimefunga jalada, na hakitaki jina lake litajwe popote karibu na jina la Keko, kwa kuzingatia hali ya haki za binadamu katika eneo husika. Pingamizi letu halikufika hata kusomwa. Ndilo pingamizi pekee ambalo Kitengo hiki kimewahi kushinda.

Bwana Mwasenga akaandika ripoti kwenda Dodoma, akauita mkakati. Mkakati wake. Akaalikwa kwenye semina nyingine kuufundisha. Sijui anawafundishaje, labda anabeba birika.

Pale Keko walinipigia vigelegele barabarani. Mie nikakimbilia kwa Bi Anastazia kuuliza kama sasa nimerudi kwenye kompyuta. Nimerudi, akasema, nyongeza imefutika kwa sababu biashara imefutika. Nikamshukuru Mungu, nikaanza kumtumia ujumbe fundi wa kupaua. Bi Anastazia akaniambia nikae kwanza. Alikuwa na muhtasari mpya mbele yake, wa Elibariki, umesainiwa.

Umeandikwa hivi: Bi Zuhura alikieleza kikao kuwa Ndugu Masanja, baba yake Ndugu Masanja, na randa, ni mali yake.

"Sasa mama," akasema Bi Anastazia, "kwenye tamko la mali hukuwataja."

Nikamwambia tamko la mali ni la viongozi, mie mhudumu, hiyo karatasi ndio kwanza naiona. Akasema ni kweli, lakini mtu anayemiliki mtu ni kiongozi wa angalau mtu mmoja. Alishauliza Dodoma, Dodoma wamejibu suala ni zito, na kuna barua kutoka nje inayouliza serikali imechukua hatua gani. Hatua lazima ionekane. Nilete maandishi ya Masanja mwenyewe kwamba yeye si mali yangu.

Nikaenda Keko, nikamkuta anapiga msasa kichwa cha kitanda, nikamweleza. Akaacha kazi hapohapo, akatafuta karatasi, akaandika kwa mkono wake, akatia dole gumba ingawa anajua kusaini, kwa kusisitiza. Nilimpelekea Bi Anastazia bila kusoma, kwa haraka niliyokuwa nayo. Akaisoma kwa sauti. Masanja alikuwa ameandika kwamba yeye si mtumwa wa Bi Zuhura, na hawezi kuwa, kwa sababu Bi Zuhura ni mtumwa wake.

Bi Anastazia akaikunja karatasi vizuri, akaitoboa, akaifunga kamba kwenye jalada langu. Akaniuliza umri. Nikamwambia. Akasema bahati nzuri unatosha kustaafu kwa hiari, na mtu aliyestaafu hachukuliwi hatua, huko nje tutawaandikia kwamba hayupo tena. Akaniwekea kalamu. Nilisaini, kwa sababu njia nyingine ilikuwa kusimamishwa kazi, na wa kusimamishwa nimewaona wakizungushwa hadi wanazeeka kwenye benchi pale mapokezi.

Ndiyo hiyo hiari mliyoisikia kwenye hotuba.

Zawadi ya kuagwa ilikuwa kochi. Kubwa, la kijivu, limefungwa nailoni, limetoka melini. Bwana Mwasenga alilisifu kwamba limeagizwa nje na kwamba ni heshima kwa mwanamke aliyeliokoa jina la Keko. Nilipochungulia lebo chini ya mto nikaona ni la kiwanda kilekile. Nadhani hata yeye hakujua, kama kawaida yake hakusoma. Nikasema asante mkuu.

Masanja alikuja na kirikuu kunibebea. Njiani alilalamika kwamba ni aibu yeye fundi wa Keko kupitisha kochi la nje mbele za watu, nikamwambia aibu hiyo aipelekee Kitengo. Nyumba ya kuliweka ilikuwa haina paa na mawingu yalikuwa yametanda upande wa Mbagala. Tukaona bora tulishushe kwake Keko lingoje mvua ipite, akalivua nailoni, akalipindua, akagonga mbao zake moja moja, akanuna. Akaliweka mbele, kando ya barabara, katikati ya ya kwake.

Hatujamaliza hata chai, gari likasimama. Mama mmoja wa mjini, kavaa vizuri, akapita makochi yote ya Masanja bila kuyatazama, akakaa kwenye lile la kijivu, akabonyeza mikono ya kochi. Akasema jirani yake ameagiza la nje kwa bei ya kuumiza, yeye alimwambia ukitaka kazi ya mkono yenye uhai nenda Keko. Sasa anauliza, hili mmelitengeneza hapahapa?

Masanja akanitazama. Uamuzi ulikuwa wangu mimi, kochi lilikuwa la kwangu.

Nikafikiria bati. Nikamfikiria na yule bwana wa makochi kwenye kioo, na mimi niliyepoteza kazi ili jina letu lisibandikwe kwenye kazi yake.

"Hapahapa, dada yangu," nikamwambia. "La Keko kabisa. Mimi mwenyewe nimezaliwa pale nyuma."

Akalichukua. Vijana wakalipakia huku mvua inaanza kudondoka, na mimi nikasimama chini ya kibanda cha Masanja nikimpigia fundi wa kupaua simu, aje kesho na mbao zote.